Barua ya Wazi kwa Wizara ya Afya: Mashine ya Usingizi na Fukuto la Morogoro

Mheshimiwa Waziri wa Afya, pamoja na ninyi nyote mnaoandaa vitita vya mafao chini ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023,

Naandika kuhusu mashine ambayo mtu aliyelala huivaa usoni ili asikatike pumzi. Hospitalini huitwa CPAP. Mimi hapa nitaiita mashine ya usingizi. Bado wanaoijua ni wachache, lakini bima ikishamfikia kila mwananchi maombi yake yatakuja, kwa sababu presha, kisukari na unene, vinavyoandamana na ugonjwa inaoutibu, vimeshakuja. Siombi mnunue nyingi. Ninachoomba ni kidogo kuliko hapo, ila hakina budi kuamuliwa mapema: mashine hii ikinunuliwa kama mzani au kitanda, kitu cha kukabidhiwa kwa saini na kusahauliwa, basi kwa mji kama Morogoro fedha hiyo itaishia uvunguni. Joto la chumba cha kulala lihesabiwe kuwa sehemu ya tiba, na kitita kilipie namna ya kukabiliana nalo.

Ugonjwa wenyewe si mgeni kwetu, mgeni ni jina lake. Mtu anakoroma, mkoromo unakatika ghafla, chumba kinanyamaza kwa sekunde kumi, ishirini, pengine zaidi, kisha anashtuka akihema na kuanza upya. Mkoromo wa namna hiyo huchekwa, au huhesabiwa kuwa haki ya mtu aliyefanya kazi akachoka. Kumbe misuli ya koo imelegea, njia ya hewa imejifunga, oksijeni imeshuka, na ubongo umelazimika kumgutusha mwenyewe bila yeye kujua. Madaktari huhesabu mikatiko hiyo kwa kila saa ya usingizi: ikifika 5 ni ugonjwa, 15 ni wa kati, 30 kwenda juu ni mkali. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 yaliwaweka watu wazima wenye tatizo hili duniani, wa umri wa miaka 30 hadi 69, karibu milioni 936. Mashine ilibuniwa Sydney, Australia, na Colin Sullivan na wenzake, ambao walitangaza matokeo ya wagonjwa wao wa kwanza mwaka 1981. Ndani yake hamna dawa. Inavuta hewa ya chumbani, inaisukuma kwa mpira hadi kwenye barakoa, na msukumo wa hewa hiyo unalizuia koo lisijifunge. Naomba maneno hayo, hewa ya chumbani, yasiwapite, maana hoja yangu yote imefungwa hapo. Mashine haipoozi hewa. Anayeiona na tangi lake la maji anaweza kudhani ni ndugu wa kiyoyozi, lakini tangi lile hupasha maji moto ili kuongeza unyevu, na mota nayo huongeza joto lake kidogo. Chumba kikiwa na nyuzi 30, mgonjwa anapumua hewa ya nyuzi 30 na ushei.

Atakayenijibu kwamba Morogoro kuna milima na ubaridi anachanganya mlima na mji. Ubaridi uko Morningside na juu zaidi kuelekea Bondwa. Mji umekaa chini, mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari, na kuanzia Novemba mpaka masika yashike, joto la mchana huzunguka nyuzi 32 na 33. Tunajiita mji kasoro bahari, na katika kasoro hiyo umo upepo wa bahari. Ni kweli, alfajiri nje kunapoa, hasa Bigwa na Kilakala zilizoegemea Uluguru. Lakini mgonjwa halali nje. Analala Kihonda, Mafiga au Chamwino, katika nyumba ya tofali za saruji na bati zilizokunywa jua mchana kutwa na kulirudisha usiku, chini ya dari ya jipsamu, pembeni mwa dirisha la alumini la kusukuma ambalo kwa umbo lake hufunguka nusu tu, na hata hiyo nusu hufungwa kwa kuhofia vibaka. Kitandani kuna chandarua, ambacho hakuna mwenye akili timamu atakayeshauri kitolewe, na chandarua hupunguza mwendo wa hewa. Hicho ndicho chumba ambacho kitita chenu kitaingia.

Sasa mvalisheni mtu huyo barakoa ya silikoni saa nne usiku. Mwili ili uzame usingizini hushusha joto lake la ndani kwa kulitoa kupitia ngozi, na fukuto tayari limeufungia mlango huo. Jasho linapita chini ya silikoni, barakoa inateleza, hewa inavuja na kupuliza machoni. Mashine ikihisi uvujaji inaongeza mkondo wa hewa, na kelele inapanda. Mgonjwa anakaza mikanda, mikanda inachubua pua, na kesho yake kidonda kinauma kabla barakoa haijavaliwa. Usiku wa tatu anaivua saa sita na kuiacha sakafuni. Hapo ndipo penye hasara ambayo hesabu ya kawaida ya saa za matumizi haiioni. Usingizi haufanani usiku kucha. Ule wa ndoto, ambao misuli hulegea kuliko wakati wowote na kwa wagonjwa wengi koo hujifunga mara nyingi na kwa muda mrefu zaidi, umejaa sehemu ya mwisho ya usiku, kuelekea alfajiri. Fukuto la chumba cha bati, kwa upande wake, ni kali zaidi mwanzoni. Kwa hiyo joto la saa nne linampokonya mgonjwa tiba ya saa kumi. Saa kumi chumba kimepoa, barakoa ingevalika bila taabu, na ndiyo saa ambayo imelala sakafuni. Hata agizo moja tu, kwamba aliyeivua usiku kwa sababu ya joto asijilaumu bali aivae tena akigutuka alfajiri, lingeokoa sehemu kubwa ya tiba. Agizo hilo halina gharama, na halimo katika vijitabu vinavyokuja ndani ya maboksi.

Kwamba mashine huachwa si jambo la Morogoro pekee. Mapitio ya tafiti yaliyotoka mwaka 2008, yakichukua saa nne kwa usiku kuwa kipimo cha chini, yalionyesha kuwa wagonjwa wasiofikia kipimo hicho walikuwa kati ya asilimia 46 na 83 kutegemea utafiti, na hizo zilikuwa hasa nchi zenye vyumba vya baridi. Tafiti zilionyesha pia kwamba atakayeizoea na atakayeshindwa nayo huanza kutofautiana ndani ya wiki ya kwanza. Mwaka 2016 ukaja utafiti mkubwa uitwao SAVE, wa wagonjwa zaidi ya 2,700 waliokuwa tayari na maradhi ya moyo au ya mishipa ya ubongo. Matokeo yake yaliwavunja moyo wengi, kwani mashine haikupunguza vifo wala mashambulizi ya moyo na kiharusi, ingawa usingizi wa mchana ulipungua na hali ya maisha ikawa bora. Anayetaka kuikataa mashine atauleta utafiti huo mezani, na ana haki. Ila ausome mpaka kwenye mstari unaosema wagonjwa waliivaa kwa wastani wa saa 3.3 kwa usiku. Hatuwezi kujua kwa hakika wangepata nini kwa saa sita au saba. Tunachojua ni kwamba faida yoyote inayotafutwa hupimwa kwa saa za kuvaliwa, na fedha ya umma ikienda kwenye mashine bila kwenda kwenye saa, inanunua boksi. Tena mwaka 2025 ulichapishwa utafiti wa watu zaidi ya 116,000, uliofuatilia usingizi wao kwa kifaa kilichowekwa chini ya godoro, ukaona kwamba usiku wa joto kali uwezekano wa mtu kukatika pumzi ulipanda kwa asilimia 45. Yaani joto linamfanya mgonjwa aivue barakoa, na usiku huohuo linauzidisha ugonjwa wenyewe.

Najua lipo jibu la haraka ambalo wahudumu waliochoka hulitoa kwa wagonjwa wa namna nyingi: vumilia, utazoea. Kuna ukweli ndani yake. Barakoa huzoeleka, kelele huzoeleka, hata aibu ya kulala na mpira usoni mbele ya mwenzi huzoeleka. Lakini mazoea yana masharti. Mtu huzoea kitu kisichobadilika, ilhali mgonjwa wa Morogoro aliyeanza Juni, mwezi wa baridi, na kujiona ameshinda, atakutana Januari na mashine nyingine kabisa ingawa ni ileile. Pia uvumilivu hauzibi uvujaji. Barakoa inayoteleza kwa jasho haitengemai kwa moyo wa subira. Inatengemaa kwa kitambaa chepesi cha pamba kati ya ngozi na silikoni, kwa barakoa ndogo ya puani badala ya ile inayofunika mdomo na pua pale daktari anaporidhia, na kwa uso uliooshwa mafuta kabla ya kulala. Vyote hivyo ni vitu vidogo vya bei ndogo. Vinahitaji mtu wa kuvieleza na mstari wa kitita wa kuvilipia.

Wengine watasema dawa ya joto ni kiyoyozi, na mwenye uwezo atanunua. Tufanye hesabu. Mashine yenye tangi la kupasha maji ikitumia wati 50 kwa saa nane, kwa mwezi inakula uniti 12. Feni ya kusimama inakula karibu hizohizo. Jumla ni uniti 24 au 25, na mteja wa TANESCO wa daraja la D1, anayelipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, bado ana nafasi ya taa, redio na hata friji ndogo. Kiyoyozi kidogo kinachovuta wastani wa wati 700 kwa saa zilezile nane kinakula uniti 168. Mteja huyo ametolewa D1, ameingia kwenye shilingi 292 kwa uniti, na kiyoyozi peke yake kinamdai takriban shilingi 49,000 kwa mwezi kabla ya kodi na tozo. Kwa hiyo tukiifanya tiba itegemee kiyoyozi, tumeshaamua nani atatibiwa. Feni ndiyo chombo cha mgonjwa wetu, na feni ina elimu yake: ikae upande gani wa chandarua, na isipulize moja kwa moja kwenye mpira wakati tangi linapasha maji, kwa sababu mpira ukipoa mvuke hugeuka matone na kumwingia puani. Mashine yenyewe iwekwe chini karibu na sakafu, ambako hewa ni ya ubaridi kidogo, lakini si sakafuni kwenyewe penye vumbi litakaloziba kichujio. Mpira upite chini ya pindo la chandarua, chandarua kisitobolewe. Haya ni mambo ya chumba, na daktari bingwa wa Dar es Salaam hawezi kuyakisia.

Tangi la maji nalo lina habari yake. Hufaa zaidi kwa hewa kavu, kama ile ya nyumba zinazopashwa moto wakati wa baridi. Masika ya Morogoro hayakosi unyevu, na wapo wagonjwa watakaolala vizuri zaidi tangi likipunguzwa moto au likizimwa kabisa. Umeme unapungua, joto linapungua, matone yanakoma. Wengine pua zitawakauka na watalihitaji, hasa miezi ya ukavu kuanzia Julai hadi Oktoba. Uamuzi huo ufanywe na mhudumu anayejua mvua za hapa, usiachwe kwa mipangilio ya kiwandani. Halafu kuna lugha. Kijitabu kinasema tumia maji ya distili. Mtu wa Mji Mpya akiulizia maji hayo ataelekezwa kwa wauza betri za magari, na muuza betri huuza pia asidi. Sitanii. Kifaa kinachopuliza mvuke mapafuni kisikabidhiwe kwa mtu kabla hajaelezwa, kwa Kiswahili cha wazi, ni maji gani, yanunuliwe wapi, na kwamba asipoyapata ni heri alale na tangi tupu lililozimwa.

Umeme ukikatika, mambo mawili hutokea kwa mpigo: mashine inazima na feni inasimama. Tumeshapita mgao wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, na tangu Februari 2024 bwawa la Julius Nyerere limeanza kuingiza umeme kwenye gridi; lakini nguzo ikianguka kwa mvua huko Kihonda, megawati 2,115 hazimsaidii aliyelala. Zipo mashine zinazoweza kutumia betri ya volti 12 au 24, na tangi likizimwa betri hudumu muda mrefu zaidi. Sharti hilo liandikwe kwenye zabuni za Bohari ya Dawa, pamoja na jingine: mtengenezaji aseme mashine yake inafanya kazi mpaka nyuzi ngapi. Zipo ambazo vitabu vyake vinaweka kikomo cha nyuzi 35, na chini ya bati la Februari hicho si kikomo cha mbali. Na hapa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, inahusika moja kwa moja. Juni 2021 kampuni ya Philips iliziita sokoni mamilioni ya mashine zake kwa sababu sponji ya kupunguza kelele iliyomo ndani inaweza kumong'onyoka na kuingia katika hewa inayovutwa, na kampuni yenyewe ilitaja joto kali na unyevu mwingi kuwa miongoni mwa yanayoweza kuchangia. Mashine ikitoka kwenye stoo ya Ulaya au Marekani ikaja kama msaada au mzigo wa ndugu, inatoka kwenye chumba kilichoifaa na kuingia kwenye kile kinachoidhuru zaidi. Sipingi mitumba, nusu ya mji huu imevaa mitumba. Napinga mitumba ya kupumulia isiyokaguliwa namba yake.

Linabaki pingamizi zito, nalo ni kwamba nchi yenye malaria, wajawazito wanaosafiri mbali kutafuta upasuaji na zahanati zinazoishiwa dawa haina haki ya kujadili mashine za wanaokoroma. Nalichukulia kwa uzito, na kama hoja ingekuwa kuchagua kati ya mashine na chandarua, ningechagua chandarua bila kusubiri. Ila kukatika pumzi usingizini kunapandisha presha na kuifanya iwe ngumu kushuka kwa vidonge, na vidonge hivyo tayari mnavilipia. Kunamuongezea dereva hatari ya ajali mara mbili hivi, na Msamvu ndipo njia ya Dodoma inapoachana na ile ya Iringa na nyanda za juu. Tangu mwaka 2023 mabasi yamerudishiwa ruhusa ya kutembea usiku, malori hayajawahi kulala, na abiria 60 wanasinzia kwa kumtegemea mtu mmoja asisinzie. Siwezi kusema wangapi kati ya madereva hao wana ugonjwa huu. Ninajua kwamba dereva anayepumzika mchana Msamvu ili aendeshe usiku analala saa nane mchana, saa ya joto kuliko zote, na hata angekuwa na mashine, maelekezo ya mtu anayelala usiku hayamfai. Wala si kila mgonjwa anahitaji mashine. Mwenye ugonjwa mwepesi anaweza kufaidika kwa kupunguza uzito, kuacha pombe ya kulalia, au kulala ubavu badala ya chali. Kitita chenye busara kitaanzia huko, na wachache wenye ugonjwa mkali ndio wapewe mashine, kisha wasaidiwe kuivaa.

Kwa hao wachache, naomba msiige kanuni ya bima ya Medicare ya Marekani kama ilivyo. Inataka mgonjwa aonyeshe ametumia mashine angalau saa nne kwa asilimia 70 ya siku katika siku 30 mfululizo ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Kupima ni jambo jema, kwani mashine nyingi hujiwekea kumbukumbu zenyewe. Lakini kanuni hiyo ikitua Morogoro mwezi Desemba bila msaada itawaadhibu watu kwa hali ya hewa. Igeuzeni: miezi mitatu hiyo iwe wajibu wa mlipaji. Ndani yake kitita kilipie mahudhurio manne katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Morogoro kwa muuguzi aliyefundishwa, la kwanza kabla ya wiki kuisha, kubadilisha barakoa isiyokaa, vichujio, vitambaa vya pamba, na feni pale mgonjwa asipokuwa nayo. Ndiyo, feni. Bima inayokubali kulipia mashine na kukataa feni ya kuifanya ivalike imefanya hesabu nusu.

Na kabla ya kuandika kanuni ya nchi nzima, fanyeni jaribio hapa. Mji una hospitali ya rufaa, una joto la kutosha na ubaridi wa kulinganishia, na tangu Juni 2024 treni ya SGR imewaweka mabingwa wa Dar es Salaam chini ya saa mbili kutoka hapa. Wachukueni wagonjwa wachache, wapimwe pia joto la vyumba vyao, si la nje tu. Ombi langu la mwisho ni la tarehe: barakoa zigawiwe Novemba na hesabu ifungwe mwishoni mwa Februari. Mkianza Juni mtapata takwimu za kupendeza.

Wenu,
Mkazi wa Morogoro Mjini